Bei ya Kwenye Kioo

Kila Jumamosi saa nne asubuhi baba yangu alikuwa anakwenda kulisalimia gari lake. Alivaa shati la mikono mirefu, akatia kitambaa laini kwenye mfuko wa plastiki, akaingia kwenye yadi ya magari kama mtu anayekwenda kumtazama mgonjwa tajiri. Gari lilikaa nyuma ya kioo kikubwa kinachotazama barabara: jekundu, la spoti, milango miwili, pua ndefu, limenizidi umri kwa miaka kumi na mmoja. Juu ya dashibodi palisimama kadi nyeupe. Milioni tisini na sita. Baba aliisoma ile kadi kabla hajamsalimia mtu yeyote, midomo ikicheza, kisha ndipo alipoanza kupangusa.

Mimi ni mthamini wa magari. Ofisi yetu hutumwa na makampuni ya bima, mabenki, na wanunuzi wenye shaka. Kazi yangu ni kulala chali chini ya magari ya watu halafu kuinuka na kusema wasiyopenda kuyasikia. Bei inayoombwa na bei inayolipwa nazijua zote mbili, kwa sababu ya pili naiona kwenye hati za kuhamisha umiliki, ina sahihi mbili na muhuri. Bei inayoombwa haina muhuri. Ni maneno, na maneno hayalipiwi kodi.

Magari ya aina ile yalikuwa matano nchi nzima. Matatu yalikuwa sokoni, kwenye yadi tatu tofauti, na wenye yadi hao walikuwa wanapangiana bei bila hata kujuana kwa sura. Huyu akitaka kujua soko linasemaje, anafungua tangazo la yule. Yule anafungua la wa tatu. Wa tatu anafungua la huyu, anakuta tisini na nne, anaandika tisini na tano ili lake lisionekane bovu. Kila Januari bei ilipanda, na hakuna hata moja lililotoka. Mawili yaliyowahi kuuzwa kweli yalikuwa ya watu binafsi. Moja lilikwenda kwa milioni hamsini, jingine hamsini na tatu. Hati zote mbili zilipita mezani kwangu.

Nilimwambia baba. Nilimwambia mwaka juzi, jikoni, akiwa anakuna kopo la rangi kwa bisibisi ili apate tone la mwisho.

"Baba, ile ni bei anayoitaka mwenye yadi. Si bei ya gari."

"Gari ni la nani?"

"Lako."

"Basi na bei ni yangu."

"Lina miaka sita pale. Kama lina thamani hiyo, mbona hawalichukui?"

"Wanajikusanya," akasema. "Fedha kama ile haikai kwenye soksi."

Ilibidi nicheke, na kosa langu lilianzia hapo, maana mtu ukishacheka huwezi tena kuendelea na jambo zito.

Mwenye yadi hakumtoza baba hata senti ya maegesho. Baba alimwita mtu wa utu. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara siku moja, mchana wa mapumziko, nikatazama utu wenyewe. Watu walikuwa wanasimama kwa ajili ya lile jekundu. Walipiga picha, wakaingia ndani, wakazunguka, na nusu saa baadaye walitoka wamekubali kununua kigari cheupe cha familia kwa malipo ya miezi thelathini na sita. Gari la baba lilikuwa chambo. Lingeuzwa, mwenye yadi angepata hasara. Ndiyo sababu alikuwa anaandika bei isiyofikika, na ndiyo sababu aliipandisha kila mara ilipokaribia kufikika.

Baba alilinunua gari lile kwa kilo, kama chuma chakavu. Lilikuwa limebamiza ukuta, limelala nje mvua nne, kuku wakataga ndani. Yeye ni fundi bodi. Mafundi wenzake humwita Pasi, kwa jinsi anavyonyoosha bati. Alilitengeneza miaka kumi na minne, jioni na siku za mapumziko, kwenye karakana yake, kipande kwa kipande, mabawa yote mawili ya mbele akiyagonga kwa nyundo juu ya gogo. Mama alikuwa akisema ana mke mwenza mwenye matairi. Lilipokamilika, lilikuwa zuri kuliko lilivyotoka kiwandani. Hilo nalisema kama mthamini, si kama mtoto.

Kiwanja cha karakana kilikuwa cha kupanga. Mwaka huu mwenye kiwanja alifariki na watoto wake wakaamua kuuza. Walikuwa waungwana: walimpa baba nafasi ya kwanza, milioni arobaini na tano, mwisho tarehe thelathini. Akishindwa, kuna mtu wa maghorofa alikuwa tayari ameshapima. Baba ana miaka sitini na saba. Hana pensheni wala kazi nyingine mikononi. Pale ndipo watu walipomjua, na mafundi wawili walikuwa wanakula kupitia kwake. Kila mtu nyumbani alijua hesabu ni moja tu: gari litoke, kiwanja kibaki.

Zikiwa zimebaki siku tisa, daktari mmoja wa meno alipiga simu ofisini kwetu. Alitaka gari jekundu la kwenye kioo likaguliwe.

"Siwezi," nikamwambia. "Ni la baba yangu. Kanuni yetu hairuhusu."

"Basi njoo kama binti yake. Nimewatafuta wale wawili waliouza ya kwao, najua walilipwa ngapi. Nitampa mzee hamsini. Ile bei ya kwenye kioo tusiitaje, tutaharibiana siku."

Nilimpelekea baba habari. Akajikuna kiganja.

"Hamsini ni tusi," akasema.

"Ni tusi linalonunua kiwanja."

"Hilo ndilo linaloniuma." Kisha akanyanyuka kutafuta shati.

Tulikutana yadini Jumanne mchana. Mwenye yadi alikuwa amenuna kama mtu aliyeamshwa, lakini baba alishatamka kwamba anauza, na gari lilikuwa la baba. Daktari alikuwa mwanamume mwembamba, mpole, mwenye vidole safi kupita kiasi. Alilizunguka gari mara mbili bila kusema. Alipitisha sumaku ndogo kwenye milango kutafuta mahali palipojazwa lipu badala ya bati, hakupata. Alifungua boneti, akainama, akafuta kwa kidole gumba mahali palipogongwa namba ya chasisi, kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na viti. Alikaa pale muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Lile bati nalijua. Ajali ililichana na kutu ikalimaliza. Baba alilikata lote, akachomelea jipya, nene zaidi, halafu akakaa na vile vyuma vidogo vya kugongea tarakimu akairudisha namba ileile, moja baada ya nyingine, akipima kwa rula. Alinionyesha nilipoanza chuo, kwa fahari kabisa, na hapo hapo nilijua. Namba za kiwandani hupepesuka: moja imepanda, moja imelala. Za baba zilikuwa zimenyooka kama meno ya bandia. Machoni pa fundi, hiyo ni kazi ya heshima. Machoni pa wakusanyaji, ni sawa na mtu kujiandikia cheti cha kuzaliwa. Gari lenye namba iliyogongwa upya hushuka karibu nusu. Sikumwambia siku ile. Alikuwa ameshika taa, anasubiri nimsifu, nikamsifu.

"Fundi," daktari akauliza, bado ameinama, "hii namba ni ya kiwandani?"

Mwenye yadi aliwahi. "Kila kitu hapo ni orijino, daktari. Sisi hatuuzi vitu vya kubabaisha."

Baba hakujibu. Mwenye yadi alikuwa amemnong'oneza mlangoni, hilo nilikuja kulijua baadaye. Alimwambia akiulizwa chochote cha namba, anyamaze. Baba hajui kudanganya, lakini kunyamaza anajua. Alinitazama mimi. Daktari akayafuata macho yake, naye akanigeukia.

"Wewe ndiye mthamini. Nakuuliza wewe."

Pale pana feni kubwa ya dari, inatoa mlio kila ikizunguka. Nilisikia mizunguko mitatu.

"Si ya kiwandani," nikasema. "Bati lilioza. Alilibadilisha, akagonga namba mwenyewe."

Daktari aliishusha boneti taratibu, kwa viganja vyote viwili, kama anafunika mtoto. "Basi ni ishirini na nane."

Na ilikuwa haki. Ningeandika mimi, ningeandika ishirini na saba.

Baba akajikaza. "Daktari, lile bati ni nene kuliko la kwao. Halitaona kutu maisha yako yote."

"Naamini, fundi."

"Sasa unanipunguzia kwa kuwa nimetengeneza vizuri?"

Daktari alitafuta jibu jingine, nikamwona akilitafuta. "Ndiyo," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Baba akakikunja kile kitambaa mara nne, akakitia mfukoni. "Nenda salama."

Daktari alipotoka, mwenye yadi alinisogelea. "Binti, si ungekohoa tu? Ungekohoa, ukaomba maji, mimi ningemalizia."

"Ungemalizia nini?"

"Maisha ya baba yako," akasema, "kwa uzuri."

Siku zilizobaki hazikuleta mnunuzi mwingine. Nilikwenda benki, wakaangalia mshahara wangu, wakanipa kalenda ya ukutani. Tarehe moja asubuhi tulihamisha vyombo. Mtambo wa kuchomelea sasa uko sebuleni, umefunikwa shuka, wageni hudhani ni cherehani. Mafundi wawili wamekwenda kila mtu na njia yake. Mmoja anauza vocha. Wiki iliyofuata mwenye yadi alimpigia baba simu. Baba akaja mezani, akakaa, akatuambia, "Limepanda. Tisini na nane." Hakuna aliyeinua uso kutoka kwenye sahani.

Jumapili iliyopita shangazi alikuja. Ni dada mkubwa wa baba, mwanamke anayekaa kitini kama anakifanyia hisani. Alituita sebuleni, baba upande huu wa ule mtambo, mimi upande ule.

"Nimesikia," akasema. "Sitaki maelezo marefu. Mwombe baba yako radhi tumalize, nina safari."

"Kwa lipi, shangazi?"

"Usinifanye mtoto. Mtu alikuja na milioni hamsini mkononi, wewe ukafungua kinywa, akaondoka nazo."

"Aliniuliza."

"Mimi pia huulizwa umri wangu, na sijawahi kujibu."

Baba alikuwa anatazama kona ya zulia. Nilitamani acheke. Yeye ndiye aliyenifundisha kucheka kwenye mambo mazito.

"Angekuja kugundua?" shangazi akauliza. "Jibu kama mtu aliyesomeshwa."

"Pengine asingegundua."

"Haya. Basi angeishi na gari lake zuri, na ndugu yangu angeishi na karakana yake. Nani angeumia? Yule anang'oa jino moja analipwa bei ya kilo kumi za nyama."

Nilifikiri kumweleza habari za hati na muhuri. Kwamba kazi yangu yote ni kutamka kile ambacho kadi ya kwenye kioo haitamki, na nikisema kweli kwa magari ya wengine na kumeza kwa la baba, basi mimi pia ni kadi. Sikueleza. Shangazi asingeelewa, na baba angeelewa kupita kiasi.

Ndipo baba akazungumza, kwa mara ya kwanza tangu akae. "Namba ile ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponionyesha."

"Miaka tisa."

"Ndiyo, baba."

"Ukanisifu."

"Ilikuwa kazi nzuri. Nilisifu kazi."

"Ungeniambia, nisingengoja." Sauti yake haikuwa na hasira, na hasira ningeiweza. "Ningeliuza mapema, kwa chochote, nikanunua kiwanja wakati kiwanja ni bei ya baiskeli. Nilikaa naisoma ile kadi, miaka, nikijua iko siku. Wewe ulikuwa unajua haiko."

"Nilikwambia bei. Jikoni. Ukaniambia wanajikusanya."

"Uliniambia bei. Hukuniambia kwamba nililiharibu mwenyewe."

Hilo lilikuwa kweli. Baba alijiinua kwa kushikilia mtambo, akasimama kidogo akiuzoea mgongo wake, akaingia chumbani. Tulisikia kitanda kikilia.

Shangazi akasogea mbele, akanishika goti. Alishusha sauti, ikawa karibu ya upole. "Umeona? Hata kama huoni kosa, mwombe. Ni neno moja tu. Hana kingine kilichobaki, mpe hilo. Ingia, piga magoti, sema yale ya yadini ulikosea, utoke."

"Yale ya yadini sikukosea."

"Siulizi ulikosea au hukukosea. Nakwambia uombe."

"Nimekusikia, shangazi."

"Basi?"

"Siombi."

"Utamzika baba yako na kinyongo?"

"Pengine."

"Na bado huombi."

"Hapana," nikasema. "Siombi."