Nyeusi Juu ya Nyeusi

Mdogo wangu alikuwa mtunza mitambo ya kompyuta, kazi aliyoifanyia nyumbani mbele ya dirisha jeusi la kuandikia amri kwenye kioo cha kompyuta. Macho yake yalipoanza kufifia, ofisi ilimwachia kazi kwa sharti moja: awe anaona anachokiandika. Mimi, bibi mwenye wajukuu, nikajiandikisha darasa la jioni ili nijifunze kulibadilisha dirisha lile.

Mwalimu alituonyesha kwamba sura yote ya dirisha imo katika faili moja la maandishi: ukubwa wa herufi, rangi yake na rangi ya nyuma. Unabadilisha, unahifadhi, unalifungua dirisha upya. Kila nilichojifunza nilimpelekea. Nilikuza herufi. Nikajaribu njano juu ya nyeusi, kisha nyeupe juu ya buluu. Kabla ya kugusa kibodi niliomba, Bwana, yaongezee macho haya muda. Yeye alinitania kwamba faili lake sasa lina maombi mengi kuliko mipangilio, na kwamba herufi zikizidi hapo majirani watasoma siri za ofisi wakiwa barabarani. Kila mara alisema sasa anaona vizuri, nami nikashukuru kwa machozi.

Jioni moja nilirudisha nyuma nyeusi, nikamwahidi herufi za kijani. Kwa haraka, mahali pa rangi ya herufi nikanakili mstari wa rangi ya nyuma. Nilipolifungua dirisha, kioo kilikuwa cheusi tii. Nikaandika amri, hakuna herufi iliyotokea. Nilikuwa naanza kujicheka aliposogeza kiti, akakiinamia kioo.

"Hapo sasa, dada. Kijani hiki kimetulia."

Kicheko kikanikauka. Nikaacha kuandika. Akauliza taratibu nimeweka rangi gani.

"Nyeusi," nikasema. "Na nyuma nyeusi."

Akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Tangu ile njano sioni kitu. Ulikuwa unatoka darasani unaimba tangu mlangoni. Ningekwambia vipi?"

Nikamuuliza kazi amekuwa akiifanyaje. Alisema vidole vinakumbuka amri, ila majibu ya mashine alikuwa akibahatisha tu. Asubuhi angewaambia ofisini.

Kisha akaniomba nizirudishe herufi za kawaida, za macho yangu. Nikazipunguza, nikaziweka nyeupe. Mistari ya kazi yake ya siku ile ikajaa dirishani.

"Nisomee," akasema. "Nisikie mashine ilikuwa inanijibu nini."

Nilitafuta neno la kumwambia Mungu, sikulipata. Nikavaa miwani, nikaanza mstari wa juu.