Kidole cha Mama Veneranda

Kwa mujibu wa Clinton, ikifika mwaka 2319 wanawake watatawala dunia nzima kuanzia Ujiji. Watavaa kichwani masufuria yaliyopuliziwa rangi ya fedha. Watasafiri kwa chombo cha angani ambacho ukikitazama vizuri ni boti bovu lililozungushiwa foili ya kufungia kuku. Wanaume watabaki mwaloni, ufukweni pa kushushia samaki, wanaanika dagaa, kila mmoja na kitaa cha baiskeli shingoni. Kikiwaka kijani, ongea. Kikiwaka chekundu, funga mdomo kama kabati.

Ndiyo tamthilia yenyewe, Clinton anaitunga na kuirekodi mwenyewe, na inaonyeshwa kila Jumapili jioni kwenye kebo ya mtaani. Usicheke. Siku hiyo Ujiji watu wanaharakisha kula ili wasipitwe.

Feliksi alicheza kijana anayetaka kuolewa na Mwamikazi, malkia wa sayari hiyo. Mjini walimjua kama MC Feli, mshereheshaji wa harusi na vipaimara, na mdomo ndio uliokuwa mtaji wake. Clinton alimchukua kwa sababu hiyohiyo. Alisema msemaji kama yule akifungwa kitaa chekundu, watazamaji watavunjika mbavu.

Siku ya kurekodi posa, Clinton aliwaleta wanawake wa kweli kutoka mwalo wa Kibirizi wacheze mashangazi wa Mwamikazi. Hakuwapa hata neno moja la kukariri.

"Mkagueni bwana harusi," aliwaambia. "Kama mlivyokaguliwa nyie."

Pembeni alisimama Diana, fundi cherehani aliyeshona mavazi yote, ameshika ubao wenye foili wa kurudisha mwanga wa jua. Alikuwa mchumba wa Feliksi wa kweli kweli, na Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya posa yao, nyumbani kwa wazazi wa Diana, Mwandiga.

Mama Veneranda, mmoja wa mashangazi hao, alikuja moja kwa moja kutoka kugeuza dagaa mchangani, magamba bado yanang'aa kwenye vidole vyake. Alimtazama Feliksi kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili.

"Simama. Geuka. Tembea mpaka kwenye ndoo urudi."

Feliksi akatembea kwa maringo, akimkonyeza Diana.

"Kiuno kigumu hiki," Mama Veneranda akawaambia wenzake. "Ataweza kuinama kweli?"

"Atazoea," mmoja akajibu.

Hawakumtukana. Walimjadili kwa utulivu tu, juu ya kichwa chake, kama watu wanaochagua mbuzi wasiotaka kumlipia bei kubwa.

"Panua."

Akapanua, akidhani kidole kitaishia kwenye meno ya mbele. Kikapita. Kilikuja na mchanga, na utumbo wa dagaa uliopigwa jua, na sabuni ya unga kwa mbali. Kikazunguka fizi, kikainua ulimi, kikagonga gego la mwisho kama mtu anayebisha hodi. Mama Veneranda akakitoa, akakifuta begani kwa Feliksi, akakirudisha upande wa pili.

"Kati," Feliksi akasema, neno la waigizaji wanapotaka kamera isimame. Lilitoka limelowa. Alikuwa ameshang'oa kitaa shingoni na kuinama pembeni anatema.

"Kati ni yangu mimi mkurugenzi," Clinton alilalamika, lakini akashusha simu ya kurekodia. Kila kitu kikasimama.

Feliksi alisukutua maji mara kadhaa na ladha ikabaki palepale. "Mama yangu, hiki si kitu cha kumfanyia mtu. Nani alikufundisha?"

"Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu," alisema Mama Veneranda. "Tena yeye alikuwa na kucha."

Wanawake wakacheka mpaka masufuria yakawaanguka. Feliksi hakucheka.

Jioni alimsindikiza Diana kituoni.

"Eti shangazi yako naye hukagua wachumba?" Diana aliuliza.

"Shangazi Joanitha? Anazo mila zake za kizamani. Utani tu."

"Akitaka kunitia kidole mdomoni?"

"Nasema kati."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya hata mkuu wa mkoa."

Diana akamtazama kidogo. "Haya. Nitakuwa nakuangalia."

Sasa, umjue Shangazi Joanitha. Ndiye aliyemlea Feliksi tangu anatambaa. Ndiye aliyekwenda Mwandiga kama baba na mama kwa pamoja, na bila yeye kusema ndiyo, hapakuwa na ndoa. Sebuleni kwa kina Diana alikaa kwenye kochi kubwa, akakaribishwa ndizi na samaki mgebuka wa nazi, akala mpaka miiba ikaomba msamaha.

Diana akaja na jagi na beseni, akapiga magoti ili amnawishe. Shangazi akasogeza beseni pembeni.

"Subiri kwanza. Simama, binti. Geuka. Tembea mpaka mlangoni urudi."

Feliksi alikuwa na kipande cha mgebuka mdomoni. Palepale kikageuka kuwa mchanga.

Baba yake Diana akakagua zulia. Mama yake, Melania, akafunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimefunguka. Diana akaenda mlangoni, akarudi.

"Nyonga zipo," alisema Shangazi. Akakilamba kidole chake cha shahada, taratibu, kuanzia shina mpaka ncha, mchuzi wote ukaisha. Kwake huko ndiko kunawa. "Haya, panua."

Diana hakupanua. Aligeuza macho, akamtazama Feliksi.

Neno lilikuwepo. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi, karibu na kile kipande cha samaki, fupi kuliko maneno yote aliyowahi kuyasema kwenye kipaza sauti. Lakini Shangazi naye alikuwa anamtazama, na kidole kinang'aa mate hewani, na sebule nzima imenyamaza. Feliksi tangu azaliwe hakuwahi kuuachia ukimya upite bila kuutia mzaha.

"Fungua tu, Diana," alisema. "Shangazi ameshashiba, hatakula meno."

Sebule ikaangua kicheko, hata baba mtu. Katika mizaha yake yote ya mwaka ule, huo ndio uliofika vizuri kuliko mingine.

Diana akafungua mdomo. Kidole kikaingia. Hakufumba macho, na hakuyaondoa kwa Feliksi, kidole kikitembea fizi za juu, fizi za chini, chini ya ulimi, gego la mwisho. Shangazi akakifuta begani, kwenye gauni ambalo Diana alilishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile.

"Yuko kamili."

"Kati," Diana akasema kwa sauti ndogo. Mle ndani alielewa mtu mmoja tu.

Akabeba beseni, akatoka. Wakamsikia uani anasukutua na kutema, anasukutua na kutema, kwa muda mrefu mpaka watu wakakosa pa kuangalia. Melania akamfuata. Aliporudi, alisimama mlangoni.

"Binti anasema mle mshibe, kisha mwende. Posa hajaikubali."

"Kwani kafanywa nini?" aliuliza Shangazi, na alikuwa anauliza kweli.

Wiki iliyofuata Clinton aliwaita tena mwaloni, maana posa ya Mwamikazi haikuwa imekamilika. Ubao wa mwanga aliushika mtu mwingine, ameupinda. Mama Veneranda alikuja na magamba yake.

"Panua."

Feliksi akapanua. Dagaa, mchanga, sabuni. Clinton alisubiri kwa wasiwasi, akijua pale ndipo mtu wake alipoharibu mara ya kwanza. Kidole kikafika gego la mwisho, kikafutwa begani, kikarudi upande wa pili.

"Leo mbona husemi?" Mama Veneranda alimuuliza polepole, nje ya tamthilia.

Kitaa kilikuwa hata hakijawashwa. Feliksi akameza.