Niandikie Hapa

Nilikuwa nimefundishwa sentensi moja tu, na tangu alfajiri naitafuna mdomoni nisije nikaisahau: "Niandikie hapa, utie sahihi na muhuri."

Aliyenifundisha ni Doña Zenobia, mwenyekiti wa umoja wetu wa akina mama wenye watoto walemavu hapa mjini Juliaca. "Eufrasia," aliniambia, "kwa mdomo watakukataa mpaka uzeeke. Nafasi zimejaa, nafasi zimejaa! Sheria haiwaruhusu kumkataa mwanao, ndiyo maana hawaandiki. Nipatie karatasi ya kukataliwa kabla ofisi ya elimu haijafunga saa saba, uone tutakavyowabana."

Ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha watoto shuleni. Binti yangu Nayda ana miaka tisa. Miaka mitatu nimefukuzwa mlangoni, na mwakani watasema amezidi umri wa darasa la kwanza. Basi nikamfunga mgongoni kwa shali, maana miguu yake haimbebi, nikapanga foleni na mvua ile ya baridi.

Mwalimu mkuu alimtazama Nayda, mate yakimtoka kidogo kama kawaida yake.

"Mama, nafasi zimejaa. Na huyu, tusidanganyane, atajifunza nini?"

"Anasoma, mwalimu. Mimi nauza jibini sokoni. Magazeti ninayofungia anayasoma yote."

"Anatazama picha, mama."

Foleni nzima ikacheka. Nilisahau kila kitu isipokuwa sentensi yangu. "Niandikie hapa, utie sahihi na muhuri."

Nilitegemea atafoka. Wapi! Alichukua kalamu, akaandika mistari mitatu, akagonga muhuri puu! "Haya mama, nenda salama." Mbona kirahisi hivi? Lakini muhuri si ule pale, wa bluu? Nikajiambia, Eufrasia, acha wasiwasi wako. Mimi kusoma sijui, na Kihispania changu chenyewe ni cha sokoni.

Saa sita na robo. Nikampa Nayda karatasi aishike ndani ya shali isilowe, nikatoka mbio. Hatujafika hata kona, nikamsikia sikioni. Nayda huongea polepole, kila neno analivuta, na wasiomzoea hawamwelewi.

"Mama. Simama."

"Tunachelewa, mwanangu!"

"Imeandikwa... mama amepewa nafasi... akaikataa... kwa hiari yake."

Nikasimama. Jamani! Karatasi hiyo ingefika ofisini kwa mkono wangu mwenyewe, nani angenisikiliza tena? Nililia pale barabarani kwa hasira na kwa aibu ya kutojua kusoma. Nikienda mbele, napeleka uongo. Nikirudi, ofisi itafungwa. Nikarudi.

Mlinzi alikuwa anafunga lango, nikapenya. Nikaipita foleni yote, mwanamke mmoja akinizomea, "We mama, sisi hapa ni miti?" Nilimfungua Nayda mgongoni, nikamkalisha juu ya meza ya mwalimu mkuu, juu ya makaratasi yake.

"Soma, mwanangu. Kwa sauti."

Akasoma. Alichukua muda mrefu mno, na mimi naogopa watamcheka tena. Aliyeelewa wa kwanza ni yule yule aliyenizomea.

"Eti akaikataa? Mimi nilikuwa hapa hapa! Si umemwambia zimejaa?"

Watu wakaanza kunong'ona. Mwalimu mkuu akanyoosha mkono aichukue karatasi. Nayda akaikumbatia kifuani.

"Haina picha hiyo, mwalimu," nikamwambia.

Aliangalia foleni, akaangalia saa ya ukutani, akavuta daftari la kuandikisha. Jasho linamtoka na baridi yote ile.

"Jina la mtoto?" akaniuliza mimi.

Nikamgeukia Nayda. Ilibidi asubiri, kalamu mkononi, mpaka Nayda alipomaliza kulitaja mwenyewe, lake na la ukoo.