Mjane wa Kwenye Hotuba

Gavana Thornell alishusha sauti, na papo hapo Marlys Tesdal akajua kwamba sasa linakuja lile la kuliza watu. Alikuwa ameketi safu ya tatu katika ukumbi wa michezo wa shule ya Elmgrove, beji ya kampeni ya gavana kifuani. Wagombea urais alikuwa amewaona tangu ujana wake. Kila baada ya miaka minne, theluji ikishaganda, walimiminika jimboni Iowa kuanza mchujo wa chama, wakanywa kahawa mbaya bila kukunja uso, wakabeba watoto wa watu, kisha wakatoweka. Huyu alimwona ana nafuu. Alikuwa ameahidi kuwabana wenye viwanda waliokula pensheni za watu, na Marlys alikuwa mmoja wa hao waliolizwa.

"Katika mji huu huu," gavana alisema, "kuna mama mjane. Alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha pampu, kiwanda kikafungwa, na nusu ya pensheni yake ikaenda nacho. Leo mama huyo atafunga vyumba vya juu kwa sababu hana uwezo wa kuvipasha joto. Atalala jikoni, mlango wa oveni ukiwa wazi, amejifunika koti la kuwindia la marehemu mumewe. Halafu wanatuambia uchumi unapaa!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Marlys hakupiga. Damu ilimpanda usoni na masikio yakamwaka. Koti lile lilikuwa la Orrin, mumewe. Jikoni kule kulikuwa kwake.

Hakuwa amemwambia mtu, hata binti yake aliyekuwa akimpigia simu kila Jumapili. Watu wa Elmgrove watakusimulia upasuaji wa nyongo mwanzo hadi mwisho huku unakula, lakini hali ya mfukoni mwao hawaitaji. Ukiwauliza habari zao, hata kama paa limewaangukia, watakujibu kwamba hawana la kulalamikia. Marlys alilelewa hivyo na alitaka kufa hivyo.

Mtu mmoja tu alikuwa ameona. Lavonne Brandvold, jirani yake wa miaka arobaini, mjane kama yeye, waliyeanza naye kazi kiwandani mwaka mmoja. Lavonne huingia kwa mlango wa nyuma bila kubisha. Asubuhi moja ya Novemba aliingia mapema na kukikuta kitanda cha kukunja mbele ya oveni, koti la Orrin la rangi ya chungwa juu yake. Alikitazama kwa muda, akameza mate, akasema, "Kahawa ipo?" Hakusema lingine, na siku ile Marlys alimshukuru moyoni kwa kujua kunyamaza.

Kumbe alikuwa ananyamaza akiweka akiba! Lavonne ndiye aliyekuwa kiongozi wa kampeni ya gavana katika kata yao. Wiki mbili kabla ya hotuba, Marlys aliwaona kwa macho yake wakizungumza nusu saa katika chumba cha chini cha kanisa, gavana ameinama, ameshika mkono wake. Sasa alijua walikuwa wanazungumza nini.

Kesho yake Lavonne alikuja na bakuli la tambi za samaki zilizookwa kwa jibini. Marlys alilipokea kwa vidole viwili. Alijiuliza kama lile ni la huruma au la kumziba mdomo.

"Mbona beji umeivua, shoga?" Lavonne aliuliza.

"Pini imelegea."

"Ninazo nyingine kwenye gari."

"Kaa nazo."

"Heh! Una nini wewe? Umeamkia upande gani?"

"Sina la kulalamikia."

Lavonne alicheka kidogo, kisha macho yake yakaenda kwenye oveni na kurudi upesi. Marlys alilinasa jicho lile. Kitanda alikuwa amekificha nyuma ya mlango tangu alfajiri, na sasa alijiona mjinga, kana kwamba bado kuna cha kuficha.

"Jumatatu utakuja kwenye mchujo lakini?" Lavonne aliuliza akivaa glavu. "Kata yetu tuko wachache mno. Kila mtu ana uzito."

"Nani kakwambia siji?"

Alipoondoka, Marlys aliwamwagia paka wa ghalani tambi zile. Kisha akawasha televisheni. Mtaalamu mwenye tai nyekundu alikuwa anaonyesha mstari unaopanda. Uchumi, alisema, umekua kwa robo mwaka ya tatu mfululizo. "Umekua nyumba gani?" Marlys alimfokea. "Nipe anwani nikautazame!" Bei ya mayai tu ilikuwa imemshinda. Halafu akatokea Gavana Thornell, katika mji mwingine, ukumbi mwingine, akishusha sauti vilevile. Mama mjane. Oveni. Koti. Mwanamke wa safu ya mbele alikuwa anafuta machozi. Marlys alizima televisheni, akakaa katika baridi, na hapo ndipo alipoamua atakachofanya Jumatatu.

Mchujo wa chama chao haukuwa na karatasi za kura wala kisanduku. Unaingia ukumbini, mlango unafungwa, kisha unakwenda kusimama kwenye kona ya mgombea wako mbele ya macho ya daktari wako, mchungaji wako na aliyekuuzia gari. Kundi likikosa watu kumi na watano katika kila mia linavunjwa, na waliomo wanakuwa huru kuhamia kwingine. Wanapewa muda wa kubembelezana, kisha wanahesabiwa tena. Ndoa za mji huo zilikuwa zimeingia nyufa katika muda ule.

Jumatatu Marlys aliingia ukumbi uleule wa shule, akampita Lavonne aliyekuwa amemwekea kiti, akaenda moja kwa moja kwenye kona ya Seneta Quade, mpinzani wa gavana. Hakumpenda Quade. Mtu aliyepiga kura kuwapunguzia kodi wenye kiwanda walewale! Lakini alitaka Lavonne aone, na aumie, na mji mzima ushuhudie.

Mwenyekiti, mzee Kopecky, aliyefundisha historia shuleni hapo, alipuliza filimbi yake ya zamani. "Tuko themanini! Kundi lisilo na kumi na wawili linavunjwa. Quade, sita. Thornell, kumi na mmoja! Makundi mengine yametimia. Mna robo saa."

Mmoja. Kata nzima, gavana alikuwa amepungukiwa na mtu mmoja, na kila jicho likamgeukia Marlys. Utamu wa jambo lile ulimpanda kichwani. Lavonne alikuwa anakuja, anavuka sakafu ya mpira wa kikapu mikono imelegea.

"Marlys, njoo."

"Siji."

"Nimekukosea nini? Wiki nzima unanitazama kama mwizi."

"Kwani wewe si mwizi?" Marlys alisema kwa sauti ya chini. "Umenianika, Lavonne. Umekwenda kumpa mtu yule maisha yangu akayazungushe jimbo zima. Oveni yangu. Koti la Orrin! Ungenivua nguo hapa ukumbini ningekusamehe mapema zaidi."

Lavonne alimkodolea macho.

"Koti la Orrin?" alisema. "Mimi nilimwambia koti la Duane."

Marlys hakuelewa. Duane alikuwa mumewe Lavonne, aliyekufa miaka sita iliyopita.

"Nilimwambia habari zangu," Lavonne alisema, na sasa uso wake wote ulikuwa mwekundu. "Nalala jikoni tangu Oktoba. Siku ile nilipokiona kitanda chako nilitaka kukwambia, mimi pia. Naapa nilitaka. Nikaona aibu, nikaomba kahawa. Yule nilimwambia kwa sababu ni mgeni na atakwenda zake. Sikujua atapanda nalo jukwaani."

Marlys alikumbuka mate yale aliyomeza Lavonne, na jicho lile kwenye oveni, na tambi walizokula paka. Alikumbuka kwamba wanaume wote wa Elmgrove walinunua makoti yao ya kuwindia duka moja, rangi moja, na kwamba wengi wao sasa walikuwa wamelala makaburini. Alizungusha macho ukumbini, akaanza kuwahesabu wajane, akaacha.

"Alikuuliza jina lako?" alisema hatimaye.

"Nani?"

"Gavana wako."

Lavonne alifikiri. "Alinishika mkono."

"Jina, Lavonne."

"Hapana," Lavonne alisema. "Jina hakuniuliza."

Filimbi ikalia. "Dakika mbili!" Kopecky alipaza sauti. Kwenye kona ya gavana watu kumi walikuwa wamenyoosha shingo, wakiwapungia mikono wanawake wale wawili waliosimama katikati ya uwanja.

"Jikoni kwako kunashika joto?" Marlys aliuliza.

"Wapi! Dirisha la juu ya sinki linapitisha upepo."

"Jikoni pangu ni padogo. Panawahi kupata moto."

Lavonne alimtazama, midomo ikamcheza. Marlys akamshika kiwiko wakavuka pamoja. Watu wa gavana walipiga makofi na mmoja akataka kumbandika beji, lakini Marlys aliusukuma mkono wake. "Usinivishe kitu," alisema. "Huyo bosi wenu bado namtazama." Wakaanza kuhesabu kwa sauti, mtu baada ya mtu, kama ilivyo desturi.

"Kumi," alisema mtu wa pembeni.

"Kumi na moja," alisema Lavonne.

Ukumbi ulinyamaza kumsubiri Marlys, naye akainamia kwanza sikio la jirani yake.

"Njoo na mto wako," alisema. "Mimi ninao mmoja tu."