Mate ya Mzee Chang

Baada ya kiharusi, mume wangu Fulin alisahau jina langu, akaanza kuniita dada. Nikimlisha uji, "Asante, dada." Nikimvisha soksi, "Asante, dada." Miaka yote ya ndoa yetu shukrani zake zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na sasa adabu hiyo ilinikata maini.

Sukari ilimharibu figo kwanza, kisha ikamfika kichwani. Daktari alisema dawa zitalinda kilichobaki. Tukiziongezea oksijeni, huenda ubongo ukaamka kidogo. Hakuahidi. Basi akawa anaingizwa na wagonjwa wenzake katika chumba cha chuma cha hospitali kinachofungwa kama tangi na kujazwa hewa, wote wamevaa nguo za pamba zisizotoa cheche, barakoa za oksijeni mkononi.

Hewa ya mle ikiongezwa nguvu, masikio huziba, na dawa yake ni kumeza mate. Wenzake walimung'unya peremende. Fulin peremende ni sumu kwake, maji anapimiwa kwa ajili ya figo, na akiambiwa ameze anatabasamu tu. Kila alipojaribu alilia kwa maumivu, akatolewa. Nesi Miao, msimamizi wa chumba, akaniambia kwa upole kwamba leo Mzee Chang akishindwa tena, wataacha.

Nikanyakua simu ya kuongea na walio ndani. Ruhusa sikuomba.

"Fulin, nimekata tambi, nimezichemsha, bado zinafuka moshi. Sasa namimina siki. Ile nyeusi, ya mtungi wa baba yako."

Mtu wa kwetu Qingxu, mji wa siki, hata awe hajitambui, mtajie siki uone. Kupitia kidirisha niliona koo lake likipanda na kushuka. Nikaongeza kitunguu saumu, nikamimina siki tena. Chumba kizima kikawa kinameza. Bibi mmoja akanipungia mkono ninyamaze, njaa inamuuma. Nesi Miao naye akameza, akageukia ukutani.

Masikio yakafunguka. Tangu siku hiyo, kila alipoingia nilisimama kwenye simu nikipika kwa mdomo.

Baridi ilipoanza, tulipokuwa tunatoka, nilimvika koti. Akausukuma mkono wangu.

"Ruiying, unanikaba. Hivi unamvika mtu au unafunga gunia?"

Nesi Miao akaja mbio kuniuliza kwa nini nalia.

"Nimegombezwa na mume wangu," nikamjibu, nikamfungua Fulin kifungo cha juu.