Meseji Arobaini na Moja

Ofisini walimwita Mama Mabano, kwa sababu programu zake zilijaa mabano kuliko maneno. Hakukasirika. Aliipenda lugha ile ya kompyuta ambamo kila kipande hupokea kitu, hurudisha kitu, basi. Hakuna kuchezea vya watu chini kwa chini. Yeye na mwenzake, kijana wa haraka haraka waliyembandika jina la Chapuchapu, ndio walioandika mfumo wa hospitali wa kuwatumia meseji ndugu wa wagonjwa.

Jumatatu asubuhi aliingia mzee mmoja, fundi viatu, vidole vimeganda gundi, hospitali ndiyo iliyomwelekeza. Akaweka simu mezani, hakuketi.

"Nani kati yenu anaandika hizi?"

Mama Mabano akasoma: "Mgonjwa wako wa wodi ya sita amefariki. Pole. Fika na kitambulisho." Akasogeza kidole. Ileile. Akasogeza tena. Ileile. Zilikuwa arobaini na moja.

"Mke wangu," mzee alisema. "Ya kwanza nililia. Ya pili binti yangu akaniuliza, baba, ni mama au kuna mwingine? Tunamshusha kaburini, simu inalia mfukoni. Amefariki. Amefariki."

Meneja akachungulia kutoka chumbani kwake, anatafuna. "Pole sana mzee wangu. Hiyo ni simu yako imekwama. Izime, uiwashe."

Mzee alimtazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Akachukua simu yake, akatoka.

Mama Mabano akafungua programu. Kipande cha kujaribu tena alikiandika mwenyewe: kikipewa kazi kinaifanya, ikishindikana kinajiita upya, mwisho mara tano, tena kama mtandao umekatika tu. Sasa ile tano haikuwapo. Kila kosa lilitiwa kapu moja. Hata majibu yakichelewa, yaani meseji imeshafika ila taarifa ya kufika iko njiani, programu ilihesabu imeshindwa, ikatuma nyingine.

"Nani katoa kikomo?"

"Bosi," Chapuchapu alijibu, macho kwenye kioo. "Ripoti ilisema meseji zinafika tisini na sita kwa mia. Yeye anataka mia. Akasema ijaribu mpaka ikubali."

"Na hukuniambia."

"Ungekataa, dada."

Mama Mabano akarudi kwenye kompyuta yake. Akahesabu kumbukumbu za mfumo, kisha akaingia kwa meneja.

"Ni familia kumi na tisa zilizorudiwa meseji, bosi."

"Aliyelalamika ni mmoja. Andika kosa ni la kampuni ya simu."

"Wengine wanazika!"

"Ndiyo maana nasema hawatapata muda wa kuja." Akacheka, chembe za mkate zikaruka mezani. Mama Mabano alirudi nyuma hatua nzima zisimguse.

Hadi saa sita mchana alikuwa amerekebisha. Kila kosa likarudi na jina lake. Jibu likichelewa, programu iulize kwanza kama meseji imefika. Kila meseji na namba yake, isikubalike mara mbili. Ikishindikana mara tano, muuguzi apige simu kwa mdomo wake. Kisha akaandika taarifa, nani aliagiza na nani alitii, na kwamba yeye mwenyewe hakukagua kazi yake wiki tatu, akaipeleka hospitali bila kupitia kwa meneja.

Jioni akaenda kibandani kwa fundi viatu, akamweleza yote. Mzee alisikiliza, misumari midomoni.

"Kwa hiyo si mashine," alisema, akiitemea kiganjani.

"Si mashine, baba. Ni watu. Na mimi nimo."

"Afadhali ingekuwa mashine." Akaokota kiatu, akaanza kugonga. Hakusema amesamehe, naye hakuomba.

Hospitali ilimkataa meneja. Kampuni yao ikamhamishia ghorofa ya juu, chumba chenye dirisha pana, akapewa mradi wa shule. Siku hizi wakikutana kwenye ngazi humnyooshea mkono, "Habari, mama!" Mama Mabano huitikia salamu. Mkono anauacha hapohapo hewani.