Mikono ya Kushoto

Jumamosi asubuhi Trayanka alipiga pasi karatasi ya pateni ili mikunjo iishe, akaitandaza juu ya meza ya jikoni na kuibana pembe zake kwa chupa za ajvar, rojo la pilipili za kuchoma, ya mwaka jana. Ilikuwa karatasi kubwa iliyotoka ndani ya gazeti la mishono. Nguo zote za gazeti zilikuwa zimechorwa hapo moja juu ya nyingine, mistari myekundu, ya kijani na myeusi, hata mtu angedhani mtoto amechezea kalamu. Gauni alilolitaka lilikuwa mstari mwekundu wenye nukta. Aliufuata kwa kidole, akaunakili kwenye karatasi nyembamba, akaibana karatasi hiyo kwa pini juu ya kitambaa cha bluu, akakata kipande cha mgongo. Alipoinua karatasi, chini yake kulikuwa na mkono wa nguo. Ulikuwa mkono wa kushoto, umeviringwa vizuri begani na kupunguzwa kuelekea kiwikoni.

Akakata kipande cha kifua. Ukatoka mkono wa kushoto.

Trayanka hakushangaa. Aliona aibu, aibu ile ya kuwasha masikio, akaenda kuvuta pazia la dirisha la jikoni ingawa nje hapakuwa na mtu.

Kwenye kiwanda cha nguo alikaa kwenye kiti cha mikono ya kushoto tangu kabla hajaolewa. Aliingia kwa msimu mmoja wa joto tu, apate hela ya viatu na nauli ya kwenda kusoma chuo Skopje, mji mkuu. Mikono ya kulia ilikuwa na mwanamke wake, kola na mwanamke wake, matundu ya vifungo na mwanamke wake. Nguo nzima waliiona tu ikipita imetundikwa, ikienda kwenye lori la Ujerumani. Baada ya muda mkono wa kushoto ukamwingia vidoleni na haukutoka tena. Akikata keki, vinatoka vipande vyenye bega na kiwiko. Mkate alikuwa hagusi. Tangu binti yake Kalina awe mkubwa wa kushika kisu, yeye ndiye aliyekata mkate wa nyumba ile, vipande vilivyonyooka, na mama yake alipenda kumtazama akikata.

Lakini Shtip ni mji wa kiwanda cha nguo, na mwanamke wa Shtip asiyejua kushona ni sawa na kinyozi asiyejua kunyoa. Kwa hiyo Trayanka alidanganya. Magauni ya Kalina yote aliyanunua sokoni kwa Waturuki, akayatoa lebo kwa wembe, akapindisha mshono mmoja kwa makusudi ili yaonekane ya nyumbani. Mtoto alikua akijivunia uongo huo. Sasa Kalina alikuwa anamaliza sekondari, na darasa zima lilishaambiwa kwamba gauni lake la mahafali litashonwa na mama, kwa pateni, tena kwa kitambaa ambacho Kalina alikichagua mwenyewe na kukileta nyumbani amekikumbatia. Baba yake alikuwa Slovenia akijenga nyumba za watu, naye pia alishajigamba huko.

Trayanka alitaka mambo mawili maishani: mwanawe apate gauni hilo, na asilikanyage geti la kiwanda.

Hadi jioni kitambaa chote kilikuwa kimekwisha, na kilikuwa mikono ya kushoto mitupu.

Jumapili baada ya chakula cha mchana, wakati mji umelala, aliijaza mikono ile kwenye mfuko na kwenda nayo darajani aitupe mtoni. Kule darajani alimkuta Verka, jirani yake wa ghorofa ya chini, ambaye kiwandani alishona kola. Verka naye alikuwa na mfuko, na alipomwona Trayanka aliuficha nyuma ya sketi.

"Unatupa nini, shoga?"

"Takataka. Na wewe?"

"Takataka hizo hizo."

Wakatazamana. Upepo ukatoa kola moja ya maua kwenye mfuko wa Verka, ikatua juu ya ukingo wa daraja.

"Nilikuwa nakata mapazia," Verka alisema. "Ya sebuleni."

"Mimi gauni la Kalina."

"Lote?"

"Lote. Mikono ya kushoto."

Verka aliguna. "Afadhali wewe. Rodna wa matundu ya vifungo kamwoza mwanawe juzi, shuka zote za maharusi zina matundu. Anasema ni panya."

"Labda ni panya kweli."

"Panya gani huyo, mwenzangu, anayezungushia uzi tundu lake?"

Trayanka alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Walikuwa wameishi jengo moja miaka yote hiyo, wakikopeshana chumvi na kusengenya waume, na kila mmoja akifunga pazia lake.

"Mbona hatukuwahi kuambiana?" aliuliza.

"Umwambie nani? Mji mzima mafundi!"

Verka alichomoa mkono mmoja kutoka kwenye mfuko wa mwenzake, akaupapasa. "Kitambaa kizuri hiki. Hakina ndani wala nje." Akaupindua, akauviringisha juu ya mkono wake wa kulia, na ukakaa. Wote wawili wakautazama.

"Huo sasa ni wa kulia," Trayanka alisema.

"Wa kulia. Na ukiiunga hiyo mingine yote pamoja, unapata kitambaa. Kitambaa ni kitambaa."

"Siwezi, Verka. Sijawahi kushona kitu kikaisha. Hata sijui nguo inaanzia wapi."

"Basi mtoto aende mahafali amevaa huo mfuko." Verka alimwaga kola zake mtoni bila kuziangalia. "Jaribu, wewe. Ukishindwa, mto haujahama."

Trayanka akarudi na mfuko nyumbani.

Kwanza ilimbidi ajifunze kutia uzi kwenye cherehani yake mwenyewe, aliyopewa na wakwe na kuitandikia kitambaa cha kufuma kama kabati la heshima. Kiwandani uzi ulitiwa na fundi mitambo. Aliiunga mikono ubavu kwa ubavu, mmoja ukiangalia juu na mwingine chini, mpaka ikawa shuka pana yenye mishono mingi. Kisha akaiweka pateni juu ya shuka hiyo na hapo akasita, maana sasa palihitajika mkasi, na mkasi aliujua tabia. Alikaa muda mrefu akiutazama ule mstari mwekundu. Halafu akaweka mkasi kwenye droo, akafunga droo, akaamua hatakata kitu. Akawa anakunja kitambaa kwa kuufuata mstari, anashona, na kinachozidi anakiacha ndani.

Mshono wa kwanza ulikwenda upogo akaufumua. Wa pili pia. Wa tatu ulikwenda mahali ulipotakiwa kwenda, ukashuka ubavuni, ukafika kiunoni, ukaendelea, na Trayanka akajikuta ameufuata hadi chini bila kupumua. Hakuwa amewahi kufika mwisho wa nguo yoyote. Alizima cherehani, akanywa maji, akarudi akauangalia tena kama upo. Ulikuwepo.

Kalina alipojaribu gauni, zipu haikupanda. Trayanka hakujua kwamba pateni za magazeti yale huchorwa bila nafasi ya mshono. Kila fundi wa kweli analijua hilo, na yeye alilijua hapo, akiwa na pini mdomoni mbele ya mwanawe. Lakini kwa kuwa hakukata, kitambaa cha ziada kilikuwa ndani kinasubiri. Akafumua, akaachia, zipu ikapanda.

"Mama, mbona mishono mingi hivi?"

"Ndiyo mtindo."

"Na linanivuta. Nikitembea linanivuta kushoto."

"Litazoea," mama yake alisema, akainama kwenye pindo asionekane uso.

Siku ya mahafali mji mzima ulitoka kuwatazama vijana wakipita barabara kuu hadi hotelini, kama kila mwaka. Wanawake walipanga viti mapema. Mafundi wa Shtip hawatazami uso wa msichana, wanatazama pindo. Kalina alitembea akivutwa kushoto na gauni lake la bluu, na rafiki yake akamshika mkono wa kulia ili asiingie kwenye meza za mkahawa. Watu walidhani ni madaha. Verka alipiga makofi kuliko wote. Trayanka alisimama nyuma ya nguzo ya taa, na kwa muda mfupi, nadhani tangu Kalina alipopita njia panda hadi alipofika kwenye duka la dawa, hakuona aibu kabisa.

Kwenye duka la dawa alikuwa amekaa Ratka, msimamizi wa kiwanda. Aliinuka, akamsimamisha Kalina, akageuza ukingo wa mkono wa kushoto na kuusogeza karibu na miwani.

"Hauna kosa," alisema. "Kwingine kuna kubahatisha, lakini huu hauna kosa. Nani kashona?"

"Mama!" Kalina alisema kwa sauti iliyofika hadi nguzoni. "Lote. Peke yake, kwa pateni!"

"Basi na wewe utakuwa na mkono. Njoo Jumatatu, mwanangu. Kiti cha mikono ya kulia kiko wazi. Msimu huu wa joto tu, upate vya kwendea Skopje."

"Mama, umesikia?"

Watu wote wakamgeukia Trayanka. Alikuwa na maneno tayari. Angesema: huyo mtoto hana mkono wa kushona, wala mimi sina, nilichonacho ni mkono mmoja tu, nao ni wa kushoto, uliniingizia wewe, Ratka, na kiti chako. Lakini ili ayaseme ilimbidi aseme na mengine: lebo, wembe, mkate, mfuko wa darajani, hapo mbele ya mafundi wote wa Shtip, na mtoto akiwa amevaa gauni. Alimtazama Verka. Verka alikuwa anatazama viatu vyake. Rodna, viti viwili pembeni, alikuwa anajikuna shingo.

"Nimesikia," Trayanka alisema.

"Umshukuru mama Ratka, basi," akamwambia mwanawe.

Kalina akamshukuru.

Msimu wa joto ulipita, ukafuatiwa na msimu wa kupika ajvar, na mji mzima ukanuka pilipili za kuchoma. Basi la wanafunzi wa Skopje liliondoka. Kalina alisema atakwenda mwaka ujao, kuna oda kubwa, Ratka amemwomba. Mama yake alikuwa amewahi kusema maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo. Asubuhi walitoka pamoja kwenda kiwandani, jioni walirudi pamoja.

Jioni moja Trayanka alipakua maharage, na Kalina akachukua kisu na mkate. Akakata kipande cha kwanza, akakiweka kwenye sahani, akakata cha pili. Vilikuwa na bega la mviringo, na vilipungua vizuri kuelekea kiwikoni. Vilikuwa vya kulia.

Kalina alivitazama, kisha akacheka kwa furaha kabisa, kama mtu aliyepokelewa kundini.

"Mama, ona! Wako wa kushoto, wangu wa kulia. Sasa sisi wawili tunatosha blauzi."

Trayanka alivuta pazia. Akarudi, akakaa, akachukua kipande kimoja cha mkate ule na kukichovya kwenye maharage, kuanzia begani. Kalina alikuwa bado anakata. Alikata haraka na kwa ustadi, hakukosea hata kimoja, na mama yake hakuweza tena kumtazama.